Watu Tisa wa Gofaone

Kijiko kilikuwa kinakoroga chai ndani ya kikombe cha bati. Nilikisikia kabla sijafumbua macho, na nilipoyafumbua giza lilikuwa bado zito. Kwangu hakuna anayekoroga chai. Mimi huinywa bila sukari, na mwanangu Sethunya, mwenye miaka mitano, alikuwa amelala ubavuni pangu, goti lake likinichoma mbavu. Kijiko kilikuwa nje, uani, chini kabisa ya dirisha langu. Kikazunguka, kikagonga ukingo mara mbili, kikanyamaza. Kisha mtu akakohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka ijulikane kwamba amefika.

Nikasogeza pazia kwa kidole kimoja. Ilikuwa Julai, na baridi ya Mochudi mwezi wa Julai haimheshimu mtu. Uani kwangu walikuwa wameketi watu tisa. Wanawake walikuwa chini juu ya mkeka, miguu wameinyoosha, shali wamezibana kifuani kwa pini, kila mmoja na gauni lake la kitambaa cha buluu cha harusi. Magauni yote niliyajua. Niliyashona mimi. Wanaume walikuwa na makoti, na Mjomba Ntesang alikuwa amekalia ndoo yangu aliyoipindua.

Kwetu watu hawaji alfajiri na makoti ila kwa mambo mawili, posa au msiba. Mimi sikuwa na mchumba, kwa hiyo nilianza kukisia nani amekufa. Nikajifunga blanketi, nikafungua mlango.

"Mjomba, ni nani?"

"Nani nini?"

"Aliyefariki."

"Afariki nani! Hebu msikilizeni huyu." Mjomba akatoa simu kwenye koti, akaishika mbali na macho yake, akasoma kama anayesoma kanisani. "'Mjomba, kliniki inataka kujua watu wangu. Siku ni Jumatano. Mimi Gofaone.' Si neno lako hili?"

"Ni langu, Mjomba. Lakini nilidhani utakuja mwenyewe tu. Mtu mmoja."

"Mmoja!" Huyo alikuwa Shangazi Galeboe, dada wa marehemu baba yangu, mwenye kile kikombe cha bati. "Ntesang, umemsikia? Mtu anaulizwa watu wake, apeleke mmoja! Kwani wewe uliokotwa njiani?"

"Galeboe, punguza sauti, watoto wa watu wamelala."

"Sauti nilipewa na Mungu, naipunguzia wapi? Punguza wewe koti. Koti hilo limeshazika wangapi?"

Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Si kwamba halikuwa jambo la kuchekesha. Kicheko cha watu tisa kwa pamoja hunijia kama sufuria zilizoporomoka kutoka kwenye rafu, nami huhitaji muda wa kuziokota moja moja. Nilisimama tu pale mlangoni, na mama mdogo mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Si unamwona, hata kusalimia hajasalimia."

Mimi nina usonji. Jina hilo nililipata nikiwa na miaka ishirini na sita, kwenye kliniki ya afya ya akili, mwaka mmoja baada ya mama kufa. Kabla ya hapo nilikuwa na majina mengine: mwenye maringo, bubu wa kujitakia, yule asiyetazama watu. Daktari aliyetoka Gaborone alinieleza kwa karatasi, hatua kwa hatua, nikaipenda sana karatasi ile. Usonji haukuwa ugonjwa wangu. Ndivyo nilivyo. Ugonjwa wangu ulikuwa sonona, na hiyo ilianza siku tulipomzika mama, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa akinisemea. Nikiwa na homa, mama aliwaambia watu. Nikiwa na furaha, mama aliwaambia watu. Baba ya Sethunya alikwenda machimboni Jwaneng, akaoa hukohuko, na hilo nalo mama ndiye aliyewaambia.

Juni ya mwaka uliopita nilishindwa. Siku nne sikufungua mlango. Sethunya alikula mkate mkavu na kunywa maji ya ndooni, akiniletea kipande changu, akikiweka sakafuni karibu na mkono wangu, akirudi kukikuta hapohapo. Aliyefungua mlango ni Mma Dikole, yaani Mama Dikole, mhudumu wa afya wa upande wetu, ambaye kazi yake ni kuzungukia nyumba kwa miguu. Siku hiyo alikuja kuuliza habari za chanjo. Alinikuta chini ya meza ya cherehani.

Tangu hapo huja kila Alhamisi saa nne asubuhi. Huangalia vidonge vyangu. Hufunua sufuria aone kama nimepika. Tukienda posta husimama mbele yangu kwenye foleni, ili mtu wa dirishani aanze kusemezana na yeye. Mimi hushona nyumbani, watu huniachia vitambaa na vipimo kwenye sanduku getini, kwa hiyo yapo majuma ambayo sauti ya mtu mzima ninayoisikia ni ya Mma Dikole tu. Alhamisi ikiwepo, siku nyingine sita naweza kuzitembea nikiielekea.

Ndipo akaja muuguzi mpya, Nesi Olebile, na karatasi yake ya maduara.

Ilikuwa wiki moja kabla ya asubuhi ile ya kijiko. Duara moja dogo, la pili kubwa, la tatu kubwa zaidi, moja ndani ya jingine kama vikombe vinavyopangwa kabatini. Nyuma ya karatasi palikuwa na maswali, akaanza kwa kunisomea hayo.

"Andika jina lako katikati," Nesi akasema. "Duara la ndani ni wale ambao ukianguka leo, watajua leo. La pili ni wale watakaojua mwezi huu. La nje ni watu wa kusalimiana."

"Sethunya," nikasema.

"Mtoto hahesabiwi, Mma. Yeye ndiye anayekutegemea."

"Mma Dikole."

"Huyo ni wa kwetu, analipwa. Anayelipwa hahesabiwi."

Nikaishika penseli. Nikalitazama duara la ndani mpaka mstari wake ukaanza kuchezacheza. Nesi Olebile hakunikimbiza, na hilo nalikumbuka kwa shukrani. Alinieleza kwamba Mma Dikole ni mmoja na nyumba za kuzungukia ni arobaini. Mwenye watu watatu katika duara la ndani ataondolewa kwenye orodha ya kutembelewa, awe anakuja mwenyewe kliniki kila baada ya miezi mitatu. Nafasi yake atapewa asiye na mtu. Yupo mzee ng'ambo ya mto, akasema, anaishi na mbuzi wake tu.

"Sikutakii ubaya, Mma. Nataka nijue ukweli, basi. Rudi Jumatano na mtu wa kwenu anayekufahamu, tujaze pamoja."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi: duara likijaa, Alhamisi inakwisha.

Ule ujumbe kwa Mjomba niliuandika kwa siku nne. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Nilipoutuma nilifurahi kwamba umekuwa mfupi na hauna kosa. Kumbe kosa lilikuwemo. Kwetu mgeni akiuliza watu wako ni nani, haulizi nani anayekufahamu. Anauliza ukoo. Na ukoo hautumi mtu mmoja, kama vile huwezi kumposa binti kwa kutuma mguu.

Basi tukapanda pikapu ya Mjomba, wengine wote nyuma na mablanketi, mimi mbele na Sethunya mapajani. Sethunya alikuwa ameamka katika furaha ambayo sijawahi kumpa. Kila mtu alikuwa bibi au babu. Mmoja alimpa andazi, mwingine akamfunga kilemba, mwingine akamshika kidevu akasema, "Uso wa marehemu huu, kabisa kabisa." Mara ya mwisho walimwona siku ya kuweka jiwe la kaburi la mama, akiwa na miaka mitatu.

Kliniki ilikuwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Kina mama wakakataa mabenchi. Wakaketi chini kwenye ujia, miguu mbele, mgongo ukutani, kimya, kama walivyofundishwa kuketi ukoo unapokwenda kusema na ukoo mwingine. Nesi Olebile akatokea mlangoni, akawaona, akavua kofia yake.

"Jamani, poleni sana. Nani amefariki?"

"Leo mnatuzika wote, mama!" Shangazi Galeboe akasema. "Hatujafa. Tumekuja kuhesabiwa."

Tukaingia kumi na mmoja katika chumba cha watu watatu. Taa ndefu ya darini ilikuwa inavuma. Sijui kama wengine waliisikia. Makoti yalinuka moshi na dawa ya nondo, mtu alikuwa anatafuna andazi, mwingine anapenga kamasi, na vyote hivyo vilikuwa na ukubwa sawa kichwani mwangu, hakuna kilichokubali kukaa nyuma. Nilibana kidole gumba ndani ya ngumi nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

Mjomba Ntesang alivua kofia. Akasimama.

"Nesi, Mma. Tumesikia kwamba hapa pameulizwa watu wa mtoto wetu huyu. Tukasema, kumbe kuna mahali hawajui. Tukaja. Watu wake ni sisi. Mimi ni ndugu wa mama yake, ng'ombe wa kwao nawalinda mimi. Huyu ni dada wa baba yake. Hawa ni mama zake wadogo. Hawa ni wajomba wenzangu na wake zao. Na ambao hawakuweza kuja kwa sababu ya umri na magoti, majina yao haya hapa." Akatoa karatasi. Ilikuwa na majina thelathini na moja, ya mwandiko mzuri, yamepangwa kwa umri.

Uso wa Nesi Olebile ulifunguka. Nilimwona, na sikumlaumu. Watu wengi wa kliniki ile huja peke yao, na wakiulizwa watu wao hutazama sakafu. Yeye alikuwa ameletewa ukoo mzima na mablanketi.

"Rra, mmenifurahisha," akamwambia Mjomba kwa heshima. "Kwa kweli mmenifurahisha."

Akaanza kuandika. Ntesang, duara la ndani. Galeboe, duara la ndani. Mama mdogo, mama mdogo, mke wa mjomba. Walikuwa wanamtajia herufi, wanarekebishana, wanataniana nani mkubwa wa nani. "Usimwandike huyu kabla yangu, nimemfunga nepi!" Majina yakajaa mpaka yakagusa jina langu pale katikati. Halafu Nesi akaigeuza karatasi, akaniwekea kalamu juu yake.

"Una bahati wewe, Mma Sethunya. Weka sahihi hapa. Kuanzia wiki ijayo Mma Dikole nitampeleka kwa yule mzee wa ng'ambo."

Niliishika kalamu. Watu tisa walikuwa wananitazama kwa mapenzi, nasema kweli, kwa mapenzi. Walikuwa wameamka saa tisa alfajiri kwa ajili yangu. Na mbele ya mgeni mtoto hampingi mjomba wake. Hilo hata mimi nalijua, bila kuandikiwa karatasi.

Nikamtazama Sethunya. Alikuwa mapajani kwa Shangazi Galeboe, na kwenye pembe ya mdomo alikuwa na chembe ya andazi. Nikakiona tena kile kipande cha mkate cha Juni sakafuni, karibu na mkono wangu.

"Waulize," nikasema.

"Nini, Mma?"

Sauti ilikuwa imebanwa mahali. Nikaisukuma tena. "Maswali. Uliyoniuliza mimi, waulize na wao."

Nesi akanitazama, akaitazama karatasi, akasoma mstari wa juu kabisa, polepole, kama mtu anayeanza kuogopa jibu.

"Haya. Mara ya mwisho Gofaone alipougua, nani kati yenu alijua siku ileile?"

"Swali gani hilo?" Mjomba akasema. "Sisi ni watu wake."

"Najua, Rra. Nauliza, aliugua lini?"

Wakatazamana. Mama mdogo mmoja akainama kumfunga mwenzake pini ambayo haikuwa imefunguka. Shangazi Galeboe ndiye aliyenigeukia.

"Uliugua? Uliugua lini, wewe?"

"Juni ya mwaka jana. Siku nne. Nilikuwa chini ya meza ya cherehani."

"Chini ya meza unatafuta nini?"

"Nilishindwa kutoka."

"Na mtoto?"

"Alikuwa nje ya meza."

Shangazi aliufunga mkono wake kumzunguka Sethunya, kama vile mtoto alikuwa anataka kuanguka.

"Kwa nini hukuleta neno?" Mjomba akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Lilikuwa swali la haki. Kwetu mwenye shida huenda kwa mjomba wake, huketi, huulizwa habari, hujibu njema, huulizwa mvua, huulizwa watoto, na mwisho wa hayo yote hulitoa neno lake, na mjomba hulibeba kuwapelekea wengine. Mtu asipoita, haendewi. Kumwendea bila kuitwa ni kumwambia hajui kuendesha nyumba yake. Mlango upo, na siku zote uko wazi. Lakini umewekwa mwisho wa maneno mengi, na nikiugua, maneno ndiyo hunitoka kwanza.

"Kuita ndiko nisikokuweza, Mjomba. Mama ndiye aliyekuwa akiita."

"Ungeandika. Si umeandika huu?"

"Huu niliuandika siku nne. Na nilikuwa mzima."

Nesi Olebile alisoma swali la pili kwa sauti ndogo. "Tangu mama yake azikwe, nani amewahi kuingia ndani ya nyumba yake?"

"Tulikuja wakati wa jiwe," mama mdogo mmoja akasema.

"Ndani, Mma?"

"Tulikuwa uani."

Mjomba Ntesang akavaa kofia yake. Aliiweka vizuri, kwa mikono miwili.

"Mtu ni watu, Gofaone," akasema. "Asiye na watu hata mbwa humbwekea akiwa kwake. Leo umemwambia mgeni kwamba wewe huna. Umetuvua nguo, mwanangu, na nguo zenyewe umetushonea wewe."

Nilitaka kumwambia sikusema sina. Nilitaka kumwambia kwamba ninawajua wote, naujua upande ambao kila mmoja hubebea mkoba kwa jinsi bega la gauni linavyochakaa, na kwamba siku za harusi hukaa nyumbani na kumwambia Sethunya, sasa hivi bibi yako fulani amesimama, shanga za pindo lake zinalia. Nilitaka kusema hayo yote. Mdomo ulikuwa umekwisha kazi kwa siku hiyo. Walitoka mmoja mmoja. Shangazi alimweka Sethunya chini, akamfuta andazi mdomoni, akatoka wa mwisho.

Nesi alichukua karatasi nyingine. Jina langu katikati. Duara la ndani akaliacha lilivyo. Wale tisa akawaandika katika duara la nje, la watu wa kusalimiana, na kila jina alipoliandika lilionekana dogo kuliko mara ya kwanza.

"Mma Dikole ataendelea mpaka Januari," akasema. "Januari tutapima tena."

Nikaweka sahihi. Nilikuwa nimepata nilichokuja kukitafuta. Nilirudi kwa miguu, Sethunya ananiuliza wale bibi wamekwenda wapi, nami nashindwa kujibu kwa sababu jibu la kweli lilikuwa kwamba nimewafukuza.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Mma Dikole alifika saa nne, akahesabu vidonge, akafunua sufuria.

"Nasikia umenigombania," akasema.

"Niliwaumiza."

"Ndiyo. Uliwaumiza." Ndiyo maana namwamini Mma Dikole, hadanganyi ili mtu apoe. "Mjomba wako amenisalimia barabarani kama anayemsalimia mwizi wa mbuzi. Nimeitikia, nimepita."

Ijumaa alikuja binti getini akasema ametumwa kuchukua vitambaa vya mama zangu wadogo wawili, vile vya harusi ya Septemba. Nilikuwa sijavikata bado. Nikavikunja, nikabandika vipimo vyao juu kwa pini ili fundi mwingine asipate taabu: kiuno, nyonga, bega la kulia liko chini kidogo. Binti akaondoka navyo kichwani. Jumatatu kikafuatwa kitambaa kingine. Sanduku la getini likabaki na vumbi la Agosti, na mimi nikashona upindo wa pazia ambalo halikuhitaji upindo. Sethunya alikuwa anakaa getini asubuhi akiwangoja wale bibi, anarudi saa sita kula, anakwenda tena. Siku ya nne aliacha. Hilo la kuacha ndilo lililoniuma zaidi.

Jumamosi ya pili ya Agosti upepo ulikuwa unapeperusha mifuko hadi kwenye nyaya za umeme. Nikasikia geti. Haikuwa Alhamisi.

"Hodi! Hodi hapa! Sikuitwa, najua sikuitwa, msiniambie!"

Shangazi Galeboe alikuwa peke yake. Hakuwa na shali, wala kilemba. Alivaa sweta kuukuu na ndara, na kwapani alikuwa na mfuko wa maharagwe mabichi ya kumenya. Hakusimama uani. Alipita uani kama anayepita barabara, akaja mpaka mlangoni, akavua ndara, akaingia ndani. Akasimama katikati ya chumba changu akikitazama, kitanda, jiko, meza ya cherehani. Meza aliitazama chini yake.

"Mjomba wako akijua atanila nyama na mifupa," akasema. "Ataniambia nimeingilia nyumba yako. Nikasema, potelea mbali, mimi ni mzee, nani ataniposa kwamba niogope kuharibu jina? Hii nini, uji wa jana? Gofaone, uji wa jana unauweka wazi! Na dirisha hili, upepo wote huu, si mtoto atapata kifua? Yule mke wa Ntesang naye, unajua alisema nini? Nikamwambia, wewe nyamaza, wewe binti yako alipojifungua ulikuwa wapi? Magoti yangu haya. Nilipanda gari mpaka njia panda, dereva anaendesha kama anafukuzwa, nikamwambia, kijana, sisi si mchanga..."

Alisema hivyo, akimenya maharagwe amesimama, maganda yakidondokea sahani ya bati, ta, ta, ta, na sauti yake ikiwa imejaa kutoka ukuta hadi ukuta. Nilijua ni wema. Kila neno lilikuwa wema, na yalikuja yote kwa pamoja. Nilivumilia kwa muda ambao mkono wa saa ulipita robo nzima. Kisha mikono yangu ikapanda yenyewe ikaziba masikio.

"Shangazi," nikasema, "naomba. Maneno yametosha."

Akakoma palepale, neno likiwa bado mdomoni. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto. Akaiweka sahani chini. Akaenda mlangoni, akavaa ndara moja.

Sikutaka aende. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na sikutaka aende, nikaitafuta sentensi ya kumwambia hivyo, na mahali ilipopaswa kuwa palikuwa patupu.

Ndara ya pili hakuivaa. Alishika komeo, akanigeukia.

"Sasa mimi," akasema polepole, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikaenea chumbani bila kusukuma kuta, "mimi nimezoea kuongea. Penye mgonjwa naongea, penye harusi naongea, makaburini naongea. Sijui njia nyingine. Kukaa na wewe kunakuwaje, mtoto wa kaka? Nifundishe."

Nina miaka ishirini na minane. Nimeulizwa kwa nini sitazami watu, kwa nini siji, kwa nini sisemi. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Shangazi alingoja. Nilimwona anavyoumia kungoja, midomo ikimchezacheza kwa kujizuia, mkono bado ukiwa kwenye komeo.

Sethunya alikuwa sakafuni, anapanga mabaki ya vitambaa kwa rangi. Hakuinua kichwa. Aliyasogeza mabaki ya buluu upande mmoja mpaka pakawa na nafasi ya mtu karibu naye, akaipangusa nafasi ile kwa kiganja.

"Unakaa tu, bibi, halafu unanyamaza," akasema.